Pikipiki ndogo kwenye barafu: misumari ilitoka wapi, na nani aliihitaji



Tangu majina ya safari yaanze kubandikwa, vijana wetu wa boda wanauliza swali moja: huko kwenye theluji, pikipiki (sisi wa Kongo tunasema moto) inaendeshwa kweli? Wengi hujibiwa haraka-haraka, sahau hiyo kazi, huko ni basi na gari tu. Mafunzo ya kabla ya safari yanaeleza koti, glavu, buti na jinsi ya kuwasha joto la nyumba, na hayo ni muhimu, hatuyadharau. Lakini kijana ambaye riziki yake kwa miaka sita imetoka kwenye magurudumu mawili anataka kujua kama ujuzi wake utaishia uwanja wa ndege. Basi tukatafuta historia. Kumbe watu wameendesha pikipiki kwenye barafu kwa miongo mingi, na miongoni mwao walikuwa wafanyakazi wa kawaida kabisa: wa barua, wa magazeti, wa chakula cha mgahawani.

Tuanze na barafu yenyewe. Sisi tope tunalijua. Masika yakichachamaa tunaona madereva wakifunga mnyororo au kamba kwenye tairi ya nyuma ili ishike, na wakati mwingine inashika. Barafu ni ngumu zaidi kuliko tope kwa sababu tairi haina pa kuzama. Mpira unakaa juu yake kama sahani juu ya meza yenye maji. Na jambo lililotushangaza: barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri inateleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kuwa juu yake kuna utando mwembamba wa maji. Siku ambayo mgeni anafikiri baridi imepungua ndiyo siku ya kuanguka. Gari likiteleza linabaki limesimama kwa magurudumu yake manne. Pikipiki, gurudumu la mbele likikimbia, uko chini kabla hujasema mama.

Watu wa Ulaya ya kaskazini ndio waliolishughulikia mapema tatizo hili. Nchini Finland, kiwanda cha Nokia (ndiyo, jina lile lile la simu, ni mji) kilitoa tairi ya majira ya baridi kwa ajili ya malori mwaka 1934, na ya magari madogo mwaka 1936. Hizo zilikuwa za mpira mtupu wenye meno makubwa. Zilifaa kwenye theluji, lakini barafu ilizishinda. Mwaka 1961 kiwanda hicho kikatoa tairi yake ya kwanza yenye misumari. Msumari wenyewe ni kidude kifupi cha chuma kilichozamishwa ndani ya mpira, na ncha yake ni ya madini magumu sana, ya aina ile inayowekwa kwenye ncha za drili za kutobolea zege. Ncha inatokeza kidogo tu. Kila gurudumu linapozunguka, ncha hizo zinauma barafu, na ule utando wa maji hauna la kufanya.

Lakini sisi tunazungumzia pikipiki ndogo, na kwa hiyo lazima twende Japani.

Vita kuu vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa nchi ya miji iliyoungua na watu wasio na usafiri. Mwaka 1946 Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Watu wakazigombania. Tunaipenda sana sehemu hii, kwa sababu kila aliyekaa kambini anajua kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja kinavyopewa kazi nyingine. Miaka 10 baadaye, Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitembelea Ulaya, wakaangalia vipikipiki vya huko. Fujisawa, ambaye kazi yake ilikuwa biashara, akasisitiza wanataka kitu ambacho hata kijana wa kupeleka tambi za mgahawa anaweza kukiendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine umebeba trei.

Ndipo Agosti 1958 ikatoka Super Cub. Injini yake ilikuwa ya sisi 49. Klachi ilijiendesha yenyewe, hakuna ya mkono, na gia zilikuwa tatu. Uzito kilo 55 hivi, yaani mifuko miwili ya mahindi inaizidi mbali. Mbele iliwekwa ngao ya plastiki ya kukinga miguu na upepo, maji na tope. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo. Baadhi ya wazee wetu hapa wanazikumbuka Honda hizo ndogo, za mapadri na za wauguzi.

Sasa kaskazini mwa Japani kuna kisiwa cha Hokkaido. Mji wake mkubwa, Sapporo, una watu karibu milioni 2, na kila mwaka theluji inayoanguka pale, ukiijumlisha yote, inakaribia mita 5. Mji mwingine wa kisiwa hicho, Asahikawa, ulipimwa nyuzi 41 chini ya sifuri mwezi wa Januari 1902. Barua hazisubiri theluji iyeyuke, wala magazeti ya asubuhi. Wapeleka barua na magazeti wakaendelea kutumia pikipiki zao ndogo majira yote, kwa minyororo kwenye tairi au kwa tairi za misumari. Hata leo mpeleka barua wa Hokkaido utamwona kwenye theluji na pikipiki nyekundu, miguu yote miwili ikiwa tayari kugusa chini. Hapo ndipo udogo unakuwa faida. Kiti kiko chini, kwa hiyo nyayo zinafika. Nguvu ni kidogo, kwa hiyo gurudumu la nyuma halizunguki hovyo ukikaza mafuta. Tairi nyembamba inakata theluji laini na kufika kwenye kitu kigumu, wakati tairi pana inaelea juu. Na ukianguka, unaweza kuinyanyua mwenyewe.

Madereva wa hapa wanaoringia sisi 150 wasome tena aya hiyo.

Tatizo likaja kutoka upande ambao haukutegemewa. Kuanzia miaka ya 1970 magari mengi ya kaskazini mwa Japani yalivaa tairi za misumari. Katika mji wa Sendai theluji si nyingi kama Hokkaido, na siku nyingi za baridi barabara iko kavu. Msumari usipokuta barafu unakula lami. Maelfu ya magari, kila moja na mamia ya misumari, kila siku: lami ikasagwa kuwa vumbi, vumbi likajaa hewani, likaingia madukani, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye vifua vya watu. Wakazi wakaanza kuuita mji wao jangwa la Sendai. Jangwa, katikati ya majira ya baridi! Sisi tunaoishi kando ya barabara ya vumbi ambapo malori ya mizigo yanapita tunaelewa bila kuelezwa.

Mabishano yakawa makali, na kwa maoni yetu hapo ndipo historia hii ina uzito wake. Kila upande ulikuwa na haki. Dereva alisema, bila misumari nitamgonga mtoto kwenye mteremko. Mama wa nyumbani alisema, kwa misumari yako mtoto wangu anakohoa. Mwaka 1985 mkoa wa Miyagi, ambao Sendai ni mji wake mkuu, ulipitisha kanuni yake wenyewe ya kudhibiti tairi hizo. Wanasheria wakazishtaki kampuni 7 za matairi mbele ya tume ya serikali ya kusuluhisha migogoro ya uchafuzi, na mwaka 1988 pande zote zikakubaliana: kutengeneza kukome mwishoni mwa 1990, kuuza kukome mwezi Machi 1991. Juni 1990 bunge likapitisha sheria ya nchi nzima, na adhabu za faini zikaanza kutumika mwaka 1992.

Sheria hiyo iliacha mlango mdogo wazi. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yaliruhusiwa kuendelea. Na pikipiki ndogo, zile zisizozidi sisi 125, hazikuguswa na katazo. Ukifikiri utaona sababu haiko mbali. Gari la tani moja likiwa na magurudumu manne linasaga barabara. Kapikipiki ka mpeleka barua kanaikwaruza tu. Na upande wa pili wa mzani, gari lilikuwa linapewa mbadala: tairi mpya za mpira laini usiokauka kwa baridi, zisizo na chuma. Mtu wa magurudumu mawili kwenye barafu tupu mpira huo haumtoshi. Tunasema wazi, si kila siku sheria inamkumbuka mdogo namna hiyo. Sisi tumezoea ile inayoanza na wa bodaboda.

Vumbi likapungua kweli, hewa ikasafika. Lakini gharama ilihamia kwa waenda kwa miguu. Zile tairi laini, zikisimama na kuondoka kwenye taa za barabarani mara elfu kwa siku, zilisugua theluji iliyogandamana mpaka ikang'aa kama kioo. Misumari ya zamani, kumbe, ilikuwa inaikwaruza barafu na kuifanya ishikike. Huko Sapporo watu walianza kuanguka kwenye vivuko. Mji ukaweka masanduku ya mchanga na changarawe kwenye kona, mpita njia achukue mfuko na kumwaga mbele yake mwenyewe.

Turudi kwa mafundi, maana watatuuliza. Mpaka leo baadhi ya waendeshaji wa Hokkaido wanajitengenezea tairi. Wanachukua tairi ya meno makubwa, wanatoboa kila jino kwa drili, wanapitisha skrubu fupi kutoka ndani na washa ya kuizuia, kisha wanalaza tabaka la mpira wa tyubu ya zamani ndani ili vichwa vya skrubu visitoboe tyubu mpya. Fundi yeyote wa pancha hapa kambini angeelewa kazi hiyo kwa kuitazama mara moja. Msumari wa tairi ya mbele ni muhimu kuliko wa nyuma. Wa nyuma unakusukuma, ila wa mbele ndio unaokuzuia usianguke. Breki ya mbele inaguswa kwa upole, mwendo unapunguzwa kwa gia, na kona hailaliwi. Na ukifika pale lami ilipokavuka, hatari inageuka: chuma juu ya lami kavu kinateleza, na breki inachukua umbali mrefu kuliko ulivyozoea. Wageni wengi hudhani misumari inasaidia kila mahali.

Adui mwingine ni upepo. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na wewe unakwenda kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Vidole vinakufa kwanza, na kidole kilichokufa hakijui kama kimeshika breki. Ndiyo maana wapeleka barua hufunga mifuko mikubwa kwenye usukani, mikono inaingia ndani kama kwenye soksi. Betri nayo inalegea kwa baridi, oili inakuwa nzito, na hapo kiki ya mguu, ambayo vijana wa sasa wanaiona ya kizamani, inakuwa rafiki.

Kwa wanaosafiri: Japani si nchi inayopokea wengi wetu, na sheria za kwingine si sawa na zake. Finland na Sweden zinaruhusu tairi za misumari katika miezi ya baridi. Ujerumani ilizikataza tangu mwaka 1975. Norway inaziruhusu, ila mji kama Oslo unatoza magari ada kwa kuzitumia. Leseni ya hapa kwetu nayo haitambuliki kila mahali, na bima ya pikipiki huko si karatasi ya kujaza tu. Kabla ya kununua chochote, uliza ofisi ya leseni ya mahali utakapokuwa, na uliza tena kuhusu pikipiki hasa, maana ukiuliza "tairi" watakujibu habari za gari.

Kila mwisho wa mwaka waendeshaji kutoka sehemu mbalimbali za Japani wanapanda hadi rasi ya Soya, ncha ya kaskazini kabisa ya Hokkaido, ili kuuona mwaka mpya pale. Wengi wanakuja na Cub, misumari kwenye tairi zote mbili, hema na jiko nyuma. Hao wanafanya kwa kujifurahisha, na tunawaonea wivu kidogo. Asubuhi ile ile ya mwaka mpya wapeleka barua wa kisiwa wako kazini, kwa sababu Japani kadi za mwaka mpya zinatakiwa zifike siku hiyo hiyo ya tarehe 1 Januari.