Mashindano ya Dunia ya Baiskeli, Kigali 2025

Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani ya 2025 yaliandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) mjini Kigali, Rwanda, tarehe 21 hadi 28 Septemba. Yalikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika, ilhali mashindano ya dunia ya uwanjani yalianza Chicago mwaka 1893 na ya barabarani Copenhagen mwaka 1921. Kwa watu wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, huko ni kwa jirani: maji ya mto Nyabarongo, unaopita kando ya Kigali, huingia ziwani kupitia Kagera.

Afrika Mashariki ilifika hapo kwa mbio za barabarani. Mbio za uwanjani hudai njia maalumu ya duara yenye kona zilizoinuka, jengo la gharama kubwa. Rwanda ilijijengea sifa kwenye lami na vilima vyake, kupitia mbio za Tour du Rwanda zilizoanza 1988. Katika mbio kuu za Kigali, wanaume waliendesha kilomita 267.5, wakikipanda tena na tena kilima cha Kimihurura kilichotandikwa mawe, na 30 tu ndio waliomaliza, wakiongozwa na Tadej Pogačar wa Slovenia. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada.

Huenda ikasemwa kuwa Afrika ilikuwa mwenyeji tu, kwa sababu hakuna Mwafrika aliyepata medali katika mbio hizo mbili kuu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haithibitishi upungufu wa vipaji: Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024. Hata Usukumani, eneo linalozunguka Mwanza, ambako baiskeli hubeba abiria, maji na magunia ya mpunga, nguvu za miguu zipo. Kinachohitajika ni baiskeli za mashindano, makocha na mbio za mara kwa mara.