Nani alichora ramani ya Kariakoo?

Hebu fanya jaribio dogo. Mtafute mfanyabiashara yeyote wa Muleba anayefuata mzigo Dar, umuulize kama analijua soko la Kariakoo. Atakucheka. Sasa muulize nani alichora ramani yake. Kimya. Muulize msomi wa Mlimani, utapata kimya kile kile, ila cha Kiingereza.

Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, aliyezaliwa 1938. Alisomea usanifu majengo chuo cha Technion, Haifa, enzi zile nchi yetu changa ina urafiki na Israel, kabla ya uhusiano kuvunjwa mwaka 1973. Ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kuingia fani hiyo. Mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe. Pata picha: miaka minane tu baada ya Uhuru, kazi iliyokuwa ya Wazungu na Waasia, halafu kijana wa miaka kama 31 anatundika kibao chenye jina lake! Muda si mrefu akakabidhiwa soko kuu la jiji.

Na jamaa hakuchora sanduku. Paa la Kariakoo ni miamvuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Mvua ikinyesha, miamvuli inakinga maji na kuyateremsha. Joto likizidi, hewa inapita bila kusubiri umeme. Chini ya ardhi kuna sehemu ya biashara ya jumla. Kwetu Bukoba, ambako mvua hunyesha kama imelipwa, mzee aliyejua kujenga msonge angemwelewa Amuli haraka sana. Msonge wa Kihaya nao ni paa tupu, nyasi zinaanzia kileleni zinashuka mpaka karibu na ardhi. Sisemi Amuli aliiga kwetu. Nasema wote walianza na paa, maana huku jua na mvua ndio wenye nyumba.

Kabla yake alikuwepo Anthony Almeida, Mgoa aliyezaliwa Dar mwaka 1921, akasomea Bombay, akarudi nyumbani kufanya kazi chini ya Waingereza. Kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani ni lake. Wangapi wamesali mle miaka mitatu bila kujua? Alifariki 2019.

Lakini wadau wa Bukoba tuseme ukweli, Kampala iko karibu nasi kuliko Dar. Ukifika jumba la makumbusho la Uganda, lile la mwaka 1954, ujue limechorwa na Ernst May. Huyu Mjerumani miaka ya 1920 alikuwa bosi wa ujenzi Frankfurt, akasimamia maelfu ya nyumba za watu wa kawaida. Ofisi yake ndiyo iliyotoa lile jiko dogo la makabati ya kujengewa ukutani, kazi ya Margarete Schütte-Lihotzky, bibi wa majiko yote ya kisasa mnayoyaona kwenye apatimenti za Mikocheni. Akaenda Urusi ya Stalin, Hitler akachukua nchi nyuma yake, na kwa asili yake ya Kiyahudi hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1934 akaja kulima karibu na Arusha! Vita vilipoanza Waingereza wakamweka kizuizini kwa sababu ni Mjerumani. Dunia ina vituko.

Serikali ya Uganda ilipotaka kuweka mnara wa biashara pale makumbusho, mwaka 2011 wanaharakati waliingia mahakamani. Walijua jengo ni la nani na lina maana gani, ndiyo maana walikuwa na hoja. Jengo bado lipo.

Huku kwetu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kuangusha maelfu ya nyumba. Shule ya Ihungo ikaharibika vibaya, ikajengwa upya. Ilikuwa sawa kuhesabu kwanza watu na mabati. Ila majengo ya zamani yaliyoondolewa baada ya hapo yaliondoka bila jina la fundi wala la mchoraji.

Amuli alifariki mwaka huo huo wa 2016. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lake liliungua. Bidhaa ziliteketea, ila zege lilibaki limesimama. Serikali ikaamua kulikarabati badala ya kulibomoa, na miamvuli iko pale pale.