Aliyetaka kuachana na faranga hakuwa mwanajeshi

Siku hizi kila nikifungua simu lazima nipatane na Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso. Mara anahutubia, mara anashuka kwa gari la kijeshi na bereti yake kichwani, mara kuna wimbo wa sifa ulioimbwa na msanii mkubwa wa Marekani, na ukichunguza unapata msanii mwenyewe hajawahi kuuimba, sauti imetengenezwa na kompyuta. Hiyo haina shida. Kinachonishtua ni Wakenya wenzangu huko chini kwa maoni wakiuliza jeshi letu linangoja nini.

Kabla hujaniita kibaraka wa wazungu, niseme mapema kwamba hasira dhidi ya Ufaransa ina msingi. Guinea ilipoikataa katiba ya De Gaulle kwa kura mnamo Septemba 1958, Wafaransa waliondoka na chochote walichoweza kubeba, hadi simu na faili za ofisini. Huo ndio moyo wa watu tunaowazungumzia. Lakini ukisoma historia ya makoloni yale unakuta kitu ambacho hizo video hazigusi. Marais wa kwanza waliojaribu kutoka kwa faranga ya CFA, ile sarafu ambayo Ufaransa iliunda mwaka 1945 na kuishikilia hata baada ya uhuru, walikuwa raia. Wawili kati yao waliondolewa na wanajeshi wao wenyewe.

Nianze na Togo kwa sababu pale hadithi yote iko wazi.

Sylvanus Olympio hakuwa mtu wa bunduki. Alisomea uchumi London, akafanya kazi miaka mingi katika kampuni ya biashara iliyokuwa ya Unilever, na Togo ilipopata uhuru tarehe 27 Aprili 1960 yeye ndiye aliyekuwa usukani. Usidhani namsifu tu. Alibana upinzani vibaya sana, uchaguzi wa 1961 wapinzani walifungiwa nje, na wengine wakatupwa ndani. Lakini kwa pesa za umma alikuwa bahili kabisa. Alitaka Togo iishi kwa mapato yake, na aliamini nchi ndogo kama ile haina haja ya jeshi kubwa. Wanajeshi walikuwa takriban 250. Ndiyo, 250, nchi nzima. Kuna shule za bweni hapa kwetu zenye wanafunzi wengi kuliko hao.

Sasa vita vya Algeria vikaisha mwaka 1962 na Ufaransa ikaanza kuwarudisha makwao askari Waafrika iliyokuwa ikiwatumia. Watogo waliorudi, wengi wao wakiwa watu wa kaskazini, walikuwa wamepigana Indochina na Algeria, wamezoea mshahara wa jeshi la Kifaransa, na hawakuwa na kazi nyingine wanayoijua. Wakaomba kuajiriwa kwa jeshi la Togo. Olympio akakataa. Kwanza pesa hakuna, pili aliwaona kama watu waliolipwa kuwapiga Waafrika wenzao waliokuwa wakipigania uhuru. Kwa upande wa maadili pengine alikuwa na hoja. Kwa upande wa siasa, jameni, kumwambia hivyo mtu mwenye mafunzo ya kuua na njaa ya kazi ni kucheza na moto.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari 1963 wakaja nyumbani kwake. Olympio aliruka ukuta akaingia uani kwa ubalozi wa Marekani, ambao ulikuwa jirani, akajificha ndani ya gari. Alfajiri mwili wake ukapatikana karibu na lango la ubalozi huo. Sajini mmoja kwa jina Étienne Eyadéma aliwaambia wanahabari kwamba yeye ndiye aliyempiga risasi. Miaka ilipoenda akakana.

Na hapa ndipo faranga inaingia. Olympio alikuwa mbioni kuanzisha benki kuu ya Togo na sarafu ya Togo. Alipokufa, mpango ukafa naye. Kabla mwaka huo kuisha Togo ilikuwa imeingia kwa umoja wa sarafu wa nchi za faranga, na iko humo mpaka leo.

Watu wamebishana miaka 60 kama Paris ilitoa amri. Mimi naona ubishi huo unatupotezea muda. Fikiria asubuhi ya tarehe 14. Umemuua rais. Hukupigiwa kura, hujui kukusanya ushuru, na nyuma yako kuna wanaume mia kadhaa wenye silaha waliofanya haya yote kwa ajili ya mshahara. Mwisho wa mwezi unakuja. Utapata wapi pesa, risasi, vipuri vya malori, mtu wa kukufundishia maafisa? Kwa yule aliyekufundisha wewe kazi. Taifa kubwa halihitaji kupanga kila mapinduzi. Linachohitaji ni kukaa karibu na simu, kwa sababu atakayeshinda usiku atapiga asubuhi.

Eyadéma alimwachia raia kiti kwa miaka michache, kisha Januari 1967 akakichukua mwenyewe. Alitawala hadi alipokufa mwaka 2005. Alipotikiswa kwa shambulio mwaka 1986, askari wa miavuli wa Ufaransa waliletwa Lomé kumshikilia. Alipokufa jeshi likamweka mwanawe Faure, na huyo bado yupo. Mwaka 2025 baada ya kubadilisha katiba alichukua cheo kipya ambacho hakina kikomo cha mihula.

Mali nayo? Modibo Keïta, mwalimu, mjamaa, aliitoa nchi kwa CFA mwaka 1962 akachapisha faranga ya Mali. Mambo hayakuwa rahisi, uchumi ulimlemea na hata kabla ya kuondoka alikuwa ameanza kurudi mezani na Wafaransa. Novemba 1968 luteni aitwaye Moussa Traoré (jina tu, hawahusiani) akampindua. Keïta alifia kizuizini mwaka 1977. Mali ilirudi kwa CFA mwaka 1984, chini ya yuleyule mwanajeshi.

Usifikirie hii ni shida ya watu wanaoongea Kifaransa. Mwaka mmoja baada ya Lomé moto ulifika kwetu, na chanzo kilikuwa kilekile: jeshi ambalo mkoloni aliliacha, na askari waliokuwa wakijiuliza uhuru umewaletea nini wao. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Tarehe 23 wa Uganda wakaasi Jinja. Kufikia tarehe 24 ilikuwa Kenya, kambi ya Lanet pale Nakuru, wiki sita tu tangu tupandishe bendera. Serikali zote tatu zililazimika kuwaita Waingereza warudi kuzima. Nyerere aliona aibu kubwa kwa hilo na hakuificha.

Lakini angalia kila mmoja alifanya nini baadaye. Nyerere alilivunja jeshi lote akaunda jipya, JWTZ, kuanzia Septemba 1964, akiandikisha vijana kupitia chama. Kenyatta aliwapeleka waasi mahakama ya kijeshi, kisha akafunga mkataba wa ulinzi na Uingereza, na ndiyo maana hadi leo askari wao wanafanya mazoezi huko Nanyuki na Laikipia. Obote aliwaongezea askari mishahara, akaendelea nao, na akaanza kuwatumia kumaliza ugomvi wake wa kisiasa. Afisa aliyepanda ngazi haraka zaidi katika jeshi hilo aliitwa Idi Amin.

Amin ndiye mfano ambao ningependa kila shabiki wa mapinduzi ausome polepole. Alipompindua Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kumtambua. Israeli ilikuwa na wakufunzi wake ndani ya jeshi la Uganda tayari. Kampala watu walijaa barabarani wakicheza. Mwaka uliofuata Amin aliomba silaha zaidi kuliko marafiki hao walivyotaka kumpa, basi akawafukuza Waisraeli, akageukia Libya, kisha Wasovieti. Alibadilisha mfadhili mara mbili mbele ya dunia nzima, na kila mara alijiita mkombozi wa Mwafrika. Mganda wa kawaida hakuhisi tofauti. Bunduki iliyomuua mwaka 1972 na ile ya 1977 huenda zilitoka viwanda tofauti, basi.

Ndiyo maana bendera ya Urusi ikipeperushwa Niamey au Ouagadougou mimi sishtuki wala sishangilii. Naona simu imepigwa namba nyingine.

Wacha tuangalie hesabu ya Sahel yenyewe. Mali, mapinduzi mawili, Agosti 2020 na Mei 2021. Burkina Faso mawili mwaka 2022, na la pili tarehe 30 Septemba ndilo lililomleta Traoré akiwa na miaka 34. Niger, Julai 2023. Wengi wao walitoa sababu moja, kwamba waliopinduliwa wameshindwa na magaidi. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Ufaransa ilikuwa na askari zaidi ya 5,000 huko na bado vijiji viliendelea kuchomwa. Kwa hivyo Wafaransa wakatimuliwa, Mali mwaka 2022, nchi zile nyingine mbili mwaka 2023, na mamluki wa Wagner walikuwa wameshaingia Mali tangu mwisho wa 2021.

Kisha nini? Machi 2022, katika mji wa Moura, jeshi la Mali pamoja na wapiganaji wa kigeni waliua watu wasiopungua 500 kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Agosti 2024 pale Barsalogho, Burkina Faso, watu walikuwa wametolewa kuchimba mitaro ya kulinda mji, wapiganaji wa jihadi wakawakuta huko nje wakaua mamia. Vuli ya 2025 wapiganaji haohao walizuia malori ya mafuta kufika Bamako mpaka serikali ikafunga shule nchi nzima. Na uchaguzi ulioahidiwa? Mali ilivunja vyama vyote vya siasa Mei 2025. Traoré aliongezewa miaka mitano Mei 2024. Waandishi wa habari na wakosoaji wa Burkina wamekamatwa, na baadhi wakapelekwa mstari wa mbele kwa nguvu. Hiyo haiwekwi kwa video zenye muziki.

Ah, na sarafu. Nchi hizi tatu zimetoka ECOWAS, zimeunda muungano wao, zimewafukuza mabalozi, zimepunguza hadhi ya Kifaransa. Mfukoni bado ni faranga ya CFA.

Najua jibu linakuja: na Thomas Sankara je? Swali zuri, na sitalikwepa. Sankara alikuwa mwanajeshi, aliingia kwa mapinduzi Agosti 1983, na miaka yake minne ilikuwa na mambo ambayo serikali nyingi za kiraia hazijawahi kufikia, kuanzia chanjo za watoto kwa mamilioni hadi mawaziri kunyang'anywa magari ya kifahari. Namheshimu sana. Lakini alipigwa risasi tarehe 15 Oktoba 1987 na kikosi cha wanajeshi, na rafiki yake Blaise Compaoré akachukua kiti kwa miaka 27, akiwa swahiba mkubwa wa Paris. Mahakama ya Burkina ilimhukumu Compaoré kifungo cha maisha kwa mauaji hayo mwaka 2022, akiwa uhamishoni. Mlango ambao Sankara aliuvunja kuingia haukuwa na kufuli tena. Na kwa kila Sankara mmoja unayenitajia, mimi nina Eyadéma, Mobutu, Amin, Moussa Traoré, na bado sijamaliza Januari.

Kwa wale wanaotaka jaribio la hapa nyumbani, sisi pia tulilifanya. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, waliteka redio wakatangaza kwamba serikali ya Moi imeanguka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitoka mabweni wakishangilia, wengine wakapanda malori pamoja na askari. Siku haikuisha kabla jeshi la nchi kavu kurudisha redio, na maiti zilikuwa zimelala barabarani. Chuo kikafungwa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alifungwa miaka 10 na akafia gerezani. Ochuka alitorokea Tanzania, akarudishwa, akanyongwa mwaka 1987. Moi wakati huo alikuwa ametawala miaka minne tu. Akatawala mingine 20.