Jino Lenye Mzizi wa Chuma

Jamani, kuziba pengo hakukuanza jana! Baada ya mapigano ya Waterloo, mwaka 1815, maiti za askari ziling'olewa meno, wakatengenezewa wenye pesa meno ya bandia. Mwaka 1952 daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuta kifaa cha titani alichopachika mguuni mwa sungura kimeshikana na mfupa, hakibanduki. Mwaka 1965 akampandikizia Gösta Larsson skrubu za titani tayani, zibebe meno. Zilimtumikia hadi alipofariki, 2006.

Sasa braza wangu, mapengo mawili, naye anayataka. Pesa anazo. Namwambia: mfupa wa taya upimwe kwanza. Na sigara je? Mfupa huchukua miezi kuishika skrubu, na moshi huuharibia kazi. Akishindwa kuacha, yapo ya kuvaa na kuvua.