Mchepuko

Kibao cha barabarani chenye neno hili hutuelekeza kuzunguka palipochimbwa. Kampeni ya afya ya Tanzania, ile iliyotuhimiza tubaki njia kuu, ikaliingiza kwenye mambo ya chumbani. Mimi naliombea nafasi kwenye meza ya pool.

Ukiugonga mpira mweupe ubavu wa kushoto ili usokote, haufuati mstari wa fimbo. Huchepuka kidogo kulia. Kisa ni uzito wa sehemu ya mbele ya fimbo. Ncha na mpira hugusana kwa takriban elfu moja ya sekunde tu, lakini muda huo unatosha: mpira unaoanza kuzunguka huisukuma ncha pembeni, nayo ncha huurudishia msukumo upande wa pili. Mbele kukiwa kwepesi, mchepuko hupungua. Ndiyo maana zipo fimbo zilizotobolewa ndani karibu na ncha, na nyingine za nyuzi za kaboni.

Mchepuko wa digrii 2 hufika sentimita 7 hivi mpira ukienda mita 2, zaidi ya upana wa mpira wenyewe. Basi hulengwa kushoto zaidi, na kila fimbo ina kipimo chake. (Fimbo za baa, kila moja na tabia zake, ni mtihani.)

Wachezaji husema mpira “umepinda”. Sikubali. Kupinda huja baadaye, fimbo ikiinuliwa nyuma na msokoto ukakamata kitambaa. Mchepuko huzaliwa palepale inapogusa ncha, na njia yake imenyooka.