Ethi ya Motokaa: Njia ya Umeme Isiyoonekana

Somo la Tisa

Mwalimu wa kikundi tafadhali aandike ubaoni maneno haya manne: betri, mkondo, ethi, kutu. Yote tutayatumia leo.

Ukipita penye gereji utasikia fundi akimwambia mwenye gari, "Mzee, gari lako halina ethi." Neno hilo limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni ardhi. Ajabu iko hapo. Motokaa husimama juu ya magurudumu ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Ardhi ya gari iko wapi, basi? Na kwa nini ikiharibika taa hufifia, injini haiwaki asubuhi, na mwenye gari hutoa fedha nyingi kununua betri mpya, kisha ugonjwa ukabaki pale pale? Leo tutajibu maswali hayo kwa kufuata historia yake. Historia hiyo ilianza kabla ya motokaa ya kwanza.

UMEME HUENDA NA KURUDI

Umeme haufanani na maji ya bomba, yanayotoka na kumwagika ndooni. Umeme ni kama mtoto anayetumwa dukani: sharti aende, na sharti arudi nyumbani. Safari hiyo ya umeme ndiyo tunayoiita mkondo. Njia ya kurudi ikikatwa, hata ile safari ya kwenda haipo.

Mwaka 1800 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, aliutangazia ulimwengu betri ya kwanza. Alipanga vipande vya madini ya namna mbili, kama vile fedha na zinki, kimoja juu ya kingine. Katikati yake alitia vipande vya nguo au karatasi nene vilivyolowa maji ya chumvi. Mkondo ukapita. Kumbukeni mambo haya matatu: madini mawili yasiyofanana, yamegusana, na maji ya chumvi yapo. Tutayakuta tena mbele, yakifanya kazi ya hasara.

Baadaye watu walianza kupeleka habari kwa umeme, yaani kwa simu ya maandishi, au telegrafu. Mwanzoni walitandaza nyaya za kwenda na za kurudi, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1838 profesa mmoja wa Munich, Ujerumani, jina lake Carl August von Steinheil, alijaribu kutumia reli mbili za gari la moshi badala ya nyaya. Hakufanikiwa, maana umeme ulipotea njiani kwa kupita katika udongo kutoka reli hii hadi ile. Mwingine angalikata tamaa. Steinheil alijiuliza: ikiwa udongo waweza kupitisha umeme, kwa nini usiwe ndiyo njia ya kurudi? Akafukia bamba la madini ardhini kila upande, akabakiza waya wa kwenda tu. Simu ikafanya kazi. Nusu ya waya ikaokolewa, na ardhi ikawa njia ya kurudi.

Maarifa hayo yalifika hata pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Afrika ya Kusini. Nyaya za namna hiyo zilikuwa na kiini kimoja cha shaba cha kupelekea habari, na bahari yenyewe ilikuwa njia ya kurudi.

CHUMA CHA GARI KIKAWA ARDHI

Motokaa za kwanza hazikuhitaji umeme mwingi. Taa zake ziliwaka kwa mafuta au kwa gesi ya kabaidi, na injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwani hendeli iliweza kurudi nyuma ghafula na kuvunja mkono wa mtu.

Mwaka 1911 Charles Kettering, wa mji wa Dayton, Marekani, alionyesha stata, yaani mota ndogo ya umeme ya kuwashia injini. Ikatiwa katika gari la Cadillac la mwaka 1912. Tangu hapo gari likawa na betri kubwa, dinamo ya kuijaza, stata na taa za umeme.

Swali la gharama likarudi. Je, kila taa ipewe nyaya mbili? Magari mengine ya zamani yalifanywa hivyo. Lakini gari lina chasisi ya chuma tangu mbele hadi nyuma, na chuma hupitisha umeme. Watengenezaji wakafunga ncha moja ya betri kwenye chasisi, na kila taa wakaipa waya mmoja tu wa kwenda. Kurudi, umeme hupita katika chuma cha gari. Ni hesabu ile ile ya Steinheil, na jina la ardhi likabaki, ingawa sasa ardhi ni chasisi, bodi na injini. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza.

Jambo moja ni la hadhari. Si magari yote ya zamani yaliyofungwa ncha ile ile ya betri kwenye chuma. Magari mengi ya Uingereza, tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, yalifungwa ncha ya kujumlisha (+). Ford wa Marekani walikuwa na desturi hiyo pia, mpaka walipotoa magari ya mwaka 1956 yenye volti 12, na ncha ya kutoa (-) ikafungwa kwenye chuma. Siku hizi ncha ya kutoa ndiyo desturi ya magari. Basi kabla ya kugusa gari kuukuu, soma alama juu ya betri na tazama ni ncha ipi iliyofungwa kwenye chasisi. Ukigeuza, waweza kuharibu vyombo vya gari.

ADUI WA VIUNGO

Waya wa kwenda umevikwa mpira au plastiki, na fundi huuona. Njia ya kurudi ni bolti na nati zilizofichika chini ya matope. Kwa hiyo husahauliwa, na kutu hupata nafasi.

Mabaharia waliujua ugonjwa huu zamani. Mwaka 1761 Waingereza walifunika sehemu ya chini ya manowari iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba, ili wadudu wasile mbao. Mwaka 1763 walipoitazama, waliona misumari ya chuma imelika sana pale ilipogusana na shaba. Lakini mahali ambapo karatasi ya kufungia mabamba ilisahauliwa katikati, misumari ilisalimika. Wakati huo sababu haikujulikana. Sasa twaijua, kwa kuwa Volta alitufunza: madini mawili yaliyogusana penye maji ya chumvi ni betri, na betri hiyo hula madini yake yenyewe.

Sasa litazameni Land Rover. Lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, basi bodi yake ilifanywa kwa alumini, na chasisi yake kwa chuma. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini inapofungwa kwa bolti ya chuma, na unyevu wenye chumvi ukaingia, alumini hulika na kuwa unga mweupe. Unga huo huzuia umeme. Mwenye gari wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari ina chumvi, na aangalie sana.

HASARA YAKE

Nguvu ya kusukuma umeme hupimwa kwa volti, na wingi wa mkondo kwa ampea. Taa moja kubwa ya mbele ya gari la zamani la volti 12 hutumia karibu ampea 4. Stata hutumia ampea 100 hadi 200, na pengine zaidi. Kiungo kichafu ni kama daraja jembamba: mtu mmoja hupita, lakini umati hukwama. Kwa hiyo gari laweza kuwa na taa ndogo zinazowaka, na stata isigeuke kabisa.

Tena, kiungo kikipoteza volti 1 tu kati ya 12, mwanga wa taa hupungua kwa karibu robo nzima. Fikirini usiku, barabara ya vumbi, na mtu mbele yenu anasukuma baiskeli isiyo na taa. Robo hiyo ya mwanga ndiyo inayompa dereva nafasi ya kumwona mapema na kushika breki. Kutu kidogo katika bolti moja yaweza kugharimu roho ya mtu.

KUTAFUTA NA KUSAFISHA

Dalili ni hizi. Taa moja imefifia na mwenzake inang'aa. Ukiwasha taa ya kuonyesha kona, taa ya nyuma nayo hupepesa, maana umeme umekosa njia yake na unapita katika njia ya jirani. Stata inatoa sauti ya "ta!" na kunyamaza. Dalili mbaya kuliko zote ni waya wa choki kupata moto au kutoa moshi unapowasha gari. Injini hukaa juu ya mipira, kwa hiyo imewekewa waya mnene wa kuiunganisha na chasisi au bodi. Waya huo ukikatika, mkondo mkubwa wa stata hurudi kwa kupitia waya mwembamba wa choki.

Kupima si kugumu. Kwa taa iliyofifia, chukua waya uliovikwa mpira. Shika ncha yake moja kwenye ile ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasisi, na nyingine kwenye chuma cha taa ambapo ethi yake imefungwa. Taa iking'aa zaidi, ugonjwa ni ethi. Usiguse ncha ile nyingine ya betri, utapiga shoti.

Mwenye mita ya volti aunganishe mkono mmoja wa mita na ncha ile ile ya betri, na wa pili na chuma kitupu cha injini. Gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Mwenzake azungushe stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu ya volti, njia ya kurudi ni chafu au imelegea.

Kusafisha kuna utaratibu wake.

Kwanza, zima gari na usivute sigara, maana betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Ondoa waya wa ethi wa betri kabla ya waya mwingine wowote.

Pili, fuata waya huo mpaka unapofungwa kwenye chuma. Kisha tafuta waya wa injini na chasisi, halafu ethi za taa za mbele na za nyuma.

Tatu, fungua kila bolti. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili. Rangi nayo ondoa mahali pa kugusana, maana rangi haipitishi umeme. Penye unga wa tindikali kwenye ncha za betri, osha kwa maji yenye magadi, na maji hayo yasiingie ndani ya betri.

Nne, waya uliokatika nyuzi nyingi au ulioliwa na kutu ndani, badilisha. Kaza bolti barabara, kisha paka grisi juu yake ili unyevu usiingie.

Tano, rudisha waya wa ethi wa betri mwisho wa yote.

Kazi hii yataka spana, brashi, msasa na saa chache. Mwenye gari asikubali kununua betri wala stata kabla haijafanywa, na fundi mwaminifu ataianza kazi hii bila kuambiwa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Steinheil aligundua nini mwaka 1838, na jambo hilo lilipunguza gharama gani?
2. Kwa nini chuma cha gari huitwa ardhi?
3. Kwa nini misumari mingine ya manowari Alarm haikulika?
4. Kwa nini gari lenye taa zinazowaka laweza kushindwa kuzungusha stata?
5. Mwenye gari kijijini kwenu ameambiwa anunue betri mpya. Mtamshauri apime nini kwanza?

Jadilianeni, na kila mmoja aandike jibu la swali la tano kwa mkono wake mwenyewe.