Uwatu: wa kunenepea au wa kukondea?

Mashoga, na hasa mabibi harusi watarajiwa, leo tuuangalie uwatu. Ni mbegu ya kale kweli. Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa Misri mwaka 1922, uwatu ulikuwamo. Warumi waliulisha ng'ombe, na jina lake la Kilatini maana yake ni nyasi kavu za Kigiriki.

Waarabu wanauita hulba. Kaskazini mwa Afrika wanawake waliula ili wanenepe, maana bibi harusi mwembamba hakusifiwa. Leo mbegu hiyohiyo anauziwa bibi harusi anayetaka kupungua aingie kwenye gauni!

Sasa nani mkweli? Roweka kijiko kimoja usiku, asubuhi utaukuta umevimba na kutoa ute. Ute huo ni ufumwele. Ukifika tumboni hushibisha, mtu akala kidogo. Lakini wanaotaka kunenepa hawauli mtupu. Huupika na unga, samli na asali, na mimi naona unene mwingi ulitoka kwenye samli.

Wataalamu wameuchunguza zaidi kwa kushusha sukari ya damu kuliko uzito. Kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari, au za kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza. Mjamzito asiunywe kama dawa, kwani ukizidi waweza kuamsha uchungu. Nawe uliyeolewa juzi, pengine umeshabeba na hujajijua, vikombe vya asubuhi viache. Wa kwenye mchuzi hauna neno.